Kivoi wa Mwendwa: Tajiri wa Kitui aliyeuza pembe pwani na kuiacha asali nyumbani

Mnamo Desemba 3, 1849, mawingu yaliyokuwa yametanda kaskazini-magharibi mwa Kitui yalitawanyika kwa muda, na mgeni mmoja Mjerumani akaona kwa mbali vilele viwili vilivyofunikwa na kitu cheupe.

Mgeni huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmishonari wa shirika la CMS la Uingereza. Kizazi baada ya kizazi, vitabu vya shule vimemtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya.

Mwenyeji wake, ambaye alikuwa amekwisha kumsimulia habari za mlima huo na kumwonya kwamba hauonekani ila anga likitakata, hutengewa sentensi moja tu, pengine nusu yake. Aliitwa Kivoi wa Mwendwa.

Kivoi hakuwa mpagazi wala kiongozi wa njia aliyekodishwa. Alikuwa mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote katika Ukambani ya wakati wake, mwenye wake kadhaa, mifugo, watumishi na watumwa, na jina lililofahamika kutoka milima ya Wakikuyu hadi masoko ya Mombasa. Krapf ndiye aliyekuwa akimhitaji.

Ili kumwelewa mtu huyu ni sharti kwanza kuielewa nchi iliyomlea.

Mapokeo ya Wakamba yanasema kuwa wahenga wao walitokea nyanda zilizo karibu na Kilimanjaro, wakapitia maeneo ya Chyulu na Kibwezi, wakakaa Nzaui, kisha wakapanda milima ya Mbooni. Sehemu hizo zote za safari yao zimo katika kaunti ya leo ya Makueni ama kando yake.

Mbooni palikuwa na mvua na udongo mzuri. Watu walipoongezeka, baadhi yao walivuka Mto Athi kuelekea mashariki na kuingia Kitui, nchi pana, yenye joto na ukame, iliyojaa migunga, mibuyu na wanyama wa porini.

Tofauti hiyo ya ardhi ndiyo iliyozaa biashara. Mkulima wa Mbooni aliweza kuitegemea shamba yake miaka mingi bila kuhangaika. Mkazi wa Kitui, ambaye mvua ilimhadaa mara kwa mara, alilazimika kuwinda, kurina asali, kufuga na kubadilishana.

Wakamba wana neno kwa safari ya kwenda kutafuta chakula kwa majirani wakati wa njaa: kuthuua. Mtu alichukua alichonacho, kama mbuzi, sumu ya mishale, mikufu ya chuma au asali, akaenda kukibadilisha kwa nafaka. Njaa ilipokwisha, njia na urafiki uliofungwa havikwisha.

Njaa kubwa ya mwaka 1836 iliwasukuma Wakamba wengi hadi jirani na Mombasa, na baadhi yao wakajenga makao katika nchi ya Wamijikenda, karibu na Rabai. Kuanzia hapo Ukambani ilikuwa na ndugu upande wa bara na ndugu upande wa bahari, na katikati yao kulikuwa na jangwa ambalo wageni waliliogopa.

Wakati huohuo, mahitaji ya pembe za ndovu yalikuwa yakipanda. Sultani Seyyid Said wa Oman alikuwa ameifanya Zanzibar kitovu cha biashara yake, na mwaka 1833 alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Meli kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuja kuchukua pembe, ngozi na sandarusi, nazo zikaleta nguo.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa aina ya Kivoi walipopata nafasi yao.

Mintarafu ya cheo chake, ni vyema kusahihisha jambo moja. Maandishi mengi humwita chifu, ilhali Wakamba wa karne ya 19 hawakuwa na machifu. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wazee katika baraza lao, nzama, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuwaamuru wengine kwa sababu tu ya kuzaliwa katika nyumba fulani. Uchifu uliletwa na serikali ya kikoloni miongo kadhaa baada ya Kivoi kufa.

Krapf mwenyewe aliligundua hilo. Aliandika kwamba Mkamba alipata nguvu juu ya wenzake kwa mali, kwa ulimi mwepesi wa kusema, kwa umbo la kuheshimika na, zaidi ya yote, kwa sifa ya uganga na ya kuleta mvua.

Kwa hivyo ukubwa wa Kivoi ulikuwa ukubwa wa kujijengea. Aliyemfuata alimfuata kwa hiari, akitarajia faida, na angeweza kumwacha. Ni wadhifa mgumu kuliko uchifu, kwa maana unapaswa kulipiwa upya kila msimu.

Nguvu hiyo ilitokana na pembe.

Wawindaji wa Kikamba walisifika kwa upinde na mshale wenye sumu iliyopikwa kutokana na mti wa msunguti. Mishale hiyo ilikuwa na alama. Kila ukoo ulikuwa na alama yake, na ndovu aliyejeruhiwa akienda kufia mbali, mshale uliobaki mwilini ulimtaja mwenye haki. Alama kama hizo zilitiwa pia kwenye ng'ombe na kwenye mizinga ya nyuki.

Kivoi hakuzipata pembe zote kutoka kwa wawindaji wa Kitui. Alizinunua pia kwa Waembu, Wambeere, Wakikuyu na jamii nyingine zilizoishi ng'ambo ya Mto Tana, ambako alikuwa na rafiki wa kuchanjiana damu. Undugu huo wa chale ndio uliokuwa bima ya mfanyabiashara, kwani aliyekunywa na kula kiapo nawe hakuweza kukupora bila kuiogopa laana.

Shehena ilipofika Mombasa, pembe zilibadilishwa kwa shanga, nyaya za shaba, chumvi na vitambaa. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kile cha pamba nzito isiyopaushwa kilichoitwa merikani.

Jina hilo linastahili kutazamwa mara mbili. Kitambaa kilisafiri kutoka upande wa pili wa dunia kikapita Zanzibar na Mombasa, kikavuka Taru na Tsavo, kikafika katika kijiji cha Kitui kikiwa bado kinatangaza kilikotoka. Mnunuzi ambaye hangeweza kuionyesha Marekani kwa kidole alijua kuwa merikani halisi ni tofauti na kaniki ya India, na alidai apewe hiyo.

Pembe za Kivoi hazikupata heshima hiyo. Zilipopimwa Mombasa zilikuwa pembe tu. Zilipopakiwa Zanzibar ziliitwa pembe za Zanzibar. Nyingi ziliishia Connecticut, Marekani, kuchongwa vitana na vitufe vya piano, na huko ukazuka mji ulioitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Hakuna mchonga vitana aliyewahi kulisikia jina la Kitui.

Bidhaa moja ya Ukambani, hata hivyo, haikulipoteza jina lake, kwa sababu sehemu kubwa yake haikuondoka nyumbani. Bidhaa hiyo ni asali, pamoja na kinywaji kilichotengenezwa nayo.

Mzinga wa Kikamba, mwatu, ni gogo lililotobolewa ndani na kuzibwa miishoni kwa vibao, kisha likaning'inizwa juu ya mti. Mtu mwenye bidii alikuwa na mizinga mingi iliyotawanyika katika miti ya eneo kubwa, kila mmoja ukiwa na alama ya ukoo wake. Kuiba asali katika mzinga wa mwingine lilikuwa kosa zito, na hakuna aliyeweza kusingizia kuwa hakujua ni wa nani.

Nchi kavu ndiyo inayofaa nyuki. Mvua fupi ikinyesha Kitui au katika nyanda za chini za Makueni, migunga na vichaka huchanua kwa pamoja, na nyuki hujaza masega kwa muda wa majuma machache. Ardhi iliyomnyima mkulima mtama ilimpa mrinaji asali.

Asali hiyo ililiwa, ilitumiwa kama dawa, na ilitengenezewa uki.

Uki ni jina la Kikamba la pombe, na uki wa nzuki ni ile ya asali. Asali huchanganywa na maji katika kibuyu au pipa, kisha huwekewa vipande vya tunda la mti uitwao muatini kwa Kikamba, muratina kwa Kikikuyu, na mwegea kwa Kiswahili. Tunda hilo refu kama soseji haliliwi. Hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa, na kazi yake ni kubeba chachu.

Chombo huwekwa mahali penye joto, aghalabu karibu na moto, kwa siku kadhaa. Vipande vya muatini vikiisha kutumika huanikwa na kuhifadhiwa kwa upishi unaofuata, hivyo chachu ya nyumba moja huendelea kuishi mwaka hadi mwaka. Hii ndiyo sababu wajuzi walidai kuitambua ladha ya uki wa boma fulani, na madai hayo si ya kupuuzwa, kwani chachu ile ilikuwa mali ya boma lile.

Uki haukuwa kinywaji cha kila mtu na kila saa. Ulikuwa wa wazee. Ulimwagwa chini katika ithembo, mahali patakatifu pa kuwaombea mvua na afya, ili aimu, roho za wahenga, wapate sehemu yao. Ulipelekwa kwa wakwe wakati wa mahari. Ulinywewa kesi ilipokatwa na wagomvi kupatana. Kijana aliyeshika kibuyu kabla ya wakati wake alijitafutia aibu.

Mtu wa hadhi ya Kivoi hangeweza kuishi bila uki. Mgeni aliyekuja na pembe alipaswa kukirimiwa, wazee wa ithembo walipaswa kuheshimiwa kabla msafara haujaondoka, na rafiki wa ng'ambo ya Tana hakupokewa kwa maji matupu. Tajiri aliyekosa mizinga alikuwa na mali bila makao.

Ulaya ilikuwa na vinywaji vya namna hii vilivyofungamana na ardhi, lakini ikavitungia sheria. Mfano mashuhuri ni Chianti, mvinyo mwekundu wa vilima vilivyo kati ya miji ya Florence na Siena nchini Italia, unaotokana zaidi na zabibu za aina ya Sangiovese.

Septemba 24, 1716, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri iliyotaja mipaka ya eneo lililoruhusiwa kuliita divai yake Chianti. Hiyo ni miaka 133 kabla ya Krapf kufika kwa Kivoi. Mwaka 1924 wakulima wa eneo la asili waliungana wakachagua jogoo mweusi kuwa alama yao. Mwaka 1932 serikali ikaipanua mipaka kiasi cha kuwaudhi. Mwaka 1967 jina hilo likapata ulinzi wa kisasa wa asili ya bidhaa, likapandishwa daraja la juu zaidi mwaka 1984, na mwaka 1996 Chianti Classico ya vilima vya zamani ikatambuliwa peke yake.

Jogoo aliye shingoni mwa chupa na alama ya ukoo iliyo kwenye mwatu hufanya kazi ileile: kumweleza mtu asiyekuwepo bidhaa imetoka wapi na ni ya nani. Tofauti ni kwamba jogoo ana mahakama nyuma yake.

Uki ulipewa sheria za aina nyingine. Serikali ya kikoloni iliwabana watengenezaji wa pombe za kienyeji kwa vibali na marufuku, na Kenya huru ikaendelea na mtindo huo kupitia sheria ya pombe za kienyeji ya mwaka 1971. Kinywaji cha ithembo kikawekwa katika kapu moja na kila kilichopikwa vichochoroni.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa. Hata hivyo hatari haikwisha. Mei 2014, pombe iliyotiwa kemikali ya methanoli iliwaua watu wengi katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Kinywaji hicho hakikuwa na nyuki wala muatini ndani yake, lakini msako uliofuata haukubagua sana kibuyu na chupa.

Ama kuhusu haki ya jina, Katiba ya 2010 ililitaka Bunge litunge sheria ya kuzilipa jamii kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Rasimu ya sheria mahsusi ya bidhaa zinazotambulishwa kwa mahali zilikotoka ilikuwa imeandaliwa tangu miaka ya 2000. Uki wa nzuki wa Kitui haujapata jogoo wake.

Turudi kwa Kivoi na misafara yake.

Kutoka Kitui hadi Mombasa ni takriban kilomita 400. Msafara mkubwa wa Kikamba ulikuwa na mamia ya watu, wengi wao vijana waliobeba mali yao wenyewe au ya jamaa zao, kila mmoja akiwa na upinde begani. Waliondoka baada ya kushauriana na mganga kuhusu siku njema, na walitembea kwa kuzingatia maji zaidi ya umbali.

Njia ilishuka kutoka Kitui, ikavuka uwanda wa Yatta na Mto Athi, ikapita Kikumbuliu katika eneo la Kibwezi, Makueni ya leo, ambako palikuwa na vijiji vya Wakamba na chemchemi. Kutoka hapo ikavuka Tsavo, ikaelekea Maungu katika nchi ya Wataita, kisha ikaingia nyika ya Taru isiyokuwa na maji, na hatimaye Rabai.

Hatari zilikuwa nyingi: kiu, simba, Wamasai upande mmoja na Waoromo, ambao Krapf na watu wa pwani waliwaita Wagalla, upande mwingine. Aliyewavusha watu salama mara moja alishukuriwa. Aliyewavusha mara nyingi, kama Kivoi, alianza kuaminika kuwa ana nguvu zisizo za kawaida, naye hakuwa na sababu ya kulikana hilo.

Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye alimzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akajiunga na mwenzake Johannes Rebmann, wakafungua kituo cha misheni Rabai, kwenye mlango hasa wa njia ya Wakamba. Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro.

Wakamba waliokuwa wakipita Rabai walimweleza Krapf habari za bara, na jina la Kivoi lilijitokeza kila mara. Novemba 1849 Krapf alifunga safari, akapitia Yatta, na mwishoni mwa mwezi huo akakaribishwa katika kijiji cha tajiri huyo.

Kivoi alimpokea kwa ukarimu na kwa hesabu. Alimsimulia kwamba amefika kwa Wakikuyu na kwa Wachaga, na kwamba ameiona milima yote miwili yenye weupe kileleni. Alimweleza pia habari za Mto Tana, na akamwahidi kumfikisha huko maji yakipungua.

Mlima wenyewe Wakamba waliuita Kiinyaa. Maelezo ya kawaida ni kuwa jina hilo linatokana na nyaa, yaani mbuni, kwa vile mwamba mweusi wenye mabaka ya theluji unafanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf aliliandika Kegnia, na baadaye Kenia.

Kwa hivyo jina lililotoka Kitui likaingia kwenye ramani kwa matamshi ya watu wa Kitui. Wakikuyu, wanaoishi chini ya mlima huo, waliuita Kirinyaga. Lau Krapf angepita njia nyingine na kufikia kwa mwenyeji mwingine, huenda nchi hii ingekuwa na jina tofauti.

Wataalamu wa London walikataa kuamini. William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliidhihaki habari ya theluji karibu na ikweta. Mskoti Joseph Thomson aliuona mlima huo kwa karibu mwaka 1883, na Halford Mackinder akafika kileleni mwaka 1899. Kivoi alikuwa ameyasema hayo yote bila kuhitaji darubini.

Krapf alirudi Rabai, na mwezi wa Julai 1851 akaondoka tena kwenda Ukambani. Safari hii alikuwa na nia ya kuanzisha kituo cha misheni Yatta na kuuona Mto Tana, akiamini kuwa mto huo ungekuwa njia ya maji ya kuingilia bara.

Kivoi naye alikuwa na shughuli zake upande huohuo. Alikuwa na pembe za kuchukua ng'ambo ya Tana. Alikubali kwenda pamoja na mgeni wake, na mtu anaweza kukisia kwamba bunduki ya Mzungu katika nchi yenye majambazi haikuwa jambo la kukataa. Krapf naye alijihisi salama kwa sababu ya jina la Kivoi. Kila mmoja alimfanya mwenzake ngao.

Mwishoni mwa Agosti 1851, wakiwa wamekaribia mto, msafara ulivamiwa na genge la watu wenye pinde. Wengi wa wafuasi wa Kivoi walitawanyika. Krapf, ambaye kwa imani yake hakutaka kumwaga damu, alifyatua risasi hewani. Kivoi aliuawa hapohapo.

Hivyo ndivyo alivyokufa mtu aliyeijua njia ile kuliko mwingine yeyote, mikononi mwa majambazi ambao hapana shaka walijua pembe zilikuwa zikipitishwa hapo.

Krapf alikimbilia porini peke yake. Kiu ilimpeleka hadi Tana, na akawa Mzungu wa kwanza kuufikia mto huo katika sehemu zake za juu, pasipo furaha yoyote. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba, kisha akaanza kurudi Kitui akitembea usiku na kujificha mchana.

Ni mandhari ya kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja: msomi aliyeijua Biblia kwa lugha kadhaa akinywa maji ya mtutu, mahali ambapo mtoto yeyote wa Kikamba hangetoka nyumbani bila kibuyu.

Alipofika kijijini kwa Kivoi, hakupata mapokezi ya mwaka 1849. Ndugu wa marehemu walitaka kujua kwa nini mgeni alikuwa hai na mwenyeji amekufa. Kwao, mtu aliyemchukua mwenzake safarini alikuwa na wajibu wa kumrudisha, hasa ikiwa alisifika kuwa na uganga na silaha za moto.

Krapf aliona maisha yake yamo hatarini, akatoroka usiku. Baada ya masaibu mengine alifika Yatta, na mwishoni mwa Septemba 1851 akawa Rabai. Mpango wa kituo cha Ukambani ulikufa pamoja na Kivoi.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa kama taabu za Krapf. Ukweli ni kwamba hasara kubwa iliiangukia Kitui. Biashara iliyosimama juu ya jina la mtu mmoja, undugu wake wa damu na ulimi wake, haikuweza kurithiwa kama ng'ombe.

Wafanyabiashara wengine wa Kikamba waliendelea, lakini katika miongo iliyofuata misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kupanda bara yenyewe, ikiwa na bunduki na mtaji wa wakopeshaji wa Zanzibar. Ndovu walizidi kusogea mbali. Wakamba waliokuwa wakipeleka pembe pwani walijikuta wakinunuliwa pembe zao nyumbani, kwa bei ya mnunuzi.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Kitabu chake kuhusu safari hizo kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, na humo ndimo Kivoi anamofahamika kwa wasomaji wa nje. Krapf alifariki Ujerumani mwaka 1881. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza ilipoigeuza himaya yake kuwa koloni, iliipa jina la mlima ule, kwa herufi zilizotokana na maandishi yake.

Kitui na Makueni zimeendelea kuwa nchi ya nyuki. Mizinga ya magogo bado inaning'inia kwenye migunga na mibuyu, ingawa mingi imetoa nafasi kwa ya mbao na mabati. Kuhusu Kivoi mwenyewe, simulizi moja inayopendwa inadai kwamba mji wa Voi, katika nchi ya Wataita, kwenye njia aliyoipita na pembe zake, ulipewa jina lake.